Kutoka Kambi ya Wapagazi hadi Meza ya Ustawi

Kariakoo ina mitaa ambayo wauza vitenge na mafundi simu huitaja kutwa nzima bila kuifikiria: Tandamti, Narung'ombe, Mahiwa. Hayo ni majina ya sehemu za kusini, upande wa Lindi na Kilwa, ambako mwaka 1917 Waingereza na Wajerumani walipigana vita vikali, na wengi waliokufa humo walikuwa Waafrika wa pande zote mbili. Soko lenyewe limerithi jina la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza, Carrier Corps, kilichopiga kambi papo hapo. Kwa hiyo moyo wa biashara wa Dar es Salaam umekaa juu ya kambi ya watu waliopelekwa vitani.

Ukitoka sokoni kwa miguu kuelekea Upanga, muda si mrefu unafika Muhimbili. Humo, kama ilivyo katika hospitali zetu nyingine kubwa, kuna chumba ambacho wagonjwa hukiita "ustawi", na ndani yake ameketi ofisa ustawi wa jamii. Kazi yake huanzia pale ya daktari inapoishia: kumtafuta ndugu wa mgonjwa asiye na mtu, kusimamia msamaha wa gharama, kuuliza huyu mtu atarudi wapi akitoka wodini. Kati ya wanaofika mbele ya meza hiyo wamo wazee waliowahi kuvaa magwanda. Ofisa wa namna hiyo alichelewa sana kupatikana katika mji huu, na waliolipa gharama ya ucheleweshaji huo ni askari.

Hospitali ya tajiri wa misafara, miaka ya 1890

Hospitali ya kwanza kubwa ya Waafrika mjini ilitokana na fedha za upagazi. Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Kihindi wa Bagamoyo, alitajirika kwa kuwapatia wapelelezi, wamisionari na Wajerumani bidhaa na wapagazi wa misafara ya bara. Katika miaka ya 1890 alitoa fedha ili hospitali ijengwe Dar es Salaam. Wazungu wakajengewa yao pembezoni mwa bahari, Ocean Road, iliyofunguliwa mwaka 1897, ambao ndio mwaka Sewa Haji alipofariki. Jina lake bado linaishi: Muhimbili leo kuna majengo ya wodi matatu ambayo kila mkazi wa Dar aliyewahi kuuguza anayajua, Mwaisela, Kibasila na Sewahaji.

Hospitali hiyo ilitibu mwili. Mambo mengine yote ya mgonjwa, yaani chakula, nguo, habari za kwao na mazishi, yalikuwa juu ya ndugu zake. Kwa mwenyeji mpango huo ulitosha. Askari na mpagazi, watu walioletwa kutoka mbali, hawakuwa na ndugu wa kuja na bakuli la uji.

Namba shingoni, 1916 hadi 1923

Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916. Kwenye eneo ambalo Wajerumani walikuwa wamesimamisha jengo la soko, wakaweka kambi ya wapagazi. Jeshi lililokuwa likimfukuza kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, lilikwenda kwa vichwa na mabega ya watu, kwa sababu mbung'o waliua wanyama wa mizigo na barabara za magari zilikuwa chache. Watu wanaokadiriwa kufika milioni moja walifanya upagazi upande wa Waingereza pekee katika miaka ile, wengi kwa kulazimishwa. Mzigo ulikuwa wa ratili 50 hivi. Idara iliyowasimamia iliongozwa na Oscar Watkins, ofisa wa serikali kutoka Kenya, ambaye kwa haki yake aliwapigania kuliko wakubwa wake walivyotaka.

Risasi haikuwa muuaji wao mkuu. Waliuawa na kuhara damu, malaria na nimonia. Mtu aliyezoea ndizi au wali alipewa unga wa mahindi, na mara nyingi hakupata muda wala sufuria ya kuupika ukaiva. Tumbo likaharibika, na mwili uliochoka ukashindwa kurudi. Watafiti wa baadaye wamekadiria kuwa waliokufa katika utumishi huo ni karibu laki moja. Hospitali za wapagazi zilikuwepo, lakini kila alichokuwa nacho mgonjwa cha kumtambulisha kilikuwa kibati chenye namba, na kwenye daftari jina lililoandikwa na karani asiyejua lugha ya kwao. Jina likikosewa herufi mbili, mtu alikuwa amepotea. Ukoo wake haukuarifiwa, na malipo yake hayakuwa na wa kuyapokea.

Vita vilipokwisha, fedha nyingi za mishahara zilibaki bila kudaiwa. Serikali za Kenya na Tanganyika ziliomba zitumike kwa manufaa ya watu waliozitolea jasho. London ilikataa. Mwaka 1923 jengo la kambi likafunguliwa kuwa soko, na mwaka 1927 mjini pakasimamishwa sanamu ya askari wa shaba, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson, mahali ilipokuwa sanamu ya kamanda wa Kijerumani Hermann von Wissmann. Miaka mingi ikapita. Mwaka 2021 ripoti iliyotolewa na tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na serikali ya Uingereza ikaomba radhi. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka 100.

Wakati wapagazi wanakufa bila majina, kazi ya ustawi hospitalini ilikuwa imeshazaliwa kwingine. London mwaka 1895 hospitali ya Royal Free ilimwajiri Mary Stewart awahoji wagonjwa maskini juu ya hali zao. Boston mwaka 1905 daktari Richard Cabot aliweka mhudumu wa namna hiyo katika hospitali yake, baada ya kuona kuwa dawa haimsaidii mtu anayerudi kwenye njaa ileile iliyomleta. Mwaka 1926 idara ya Marekani ya maveterani wa vita ikaanza kuajiri watu hao rasmi. Utaalamu ulikuwepo, ila haukuletwa kwa wapagazi wa Afrika Mashariki, na hilo ulikuwa uamuzi wa watu.

Beni, vyama na ukoo, 1919 hadi 1939

Pengo lilizibwa na wenyewe. Baada ya vita ngoma ya beni ilitawala mitaa ya Kariakoo na Gerezani, ikiwa na makundi yake mawili makubwa, Marini na Arinoti. Mtazamaji wa Kizungu aliona watu waliojivika vyeo vya kijeshi wakicheza gwaride. Ndani yake kulikuwa na zaidi ya hayo: mwanachama akiugua alitembelewa, akifa alizikwa kwa michango, mgeni akifika mjini alipata pa kulala. Askari na wapagazi wa zamani waliochukua kutoka jeshini mpangilio wa vyeo waliufanyia kazi ambayo jeshi halikuwafanyia. Mimi nahesabu huo kuwa mwanzo halisi wa ustawi wa askari katika mji huu, miaka mingi kabla ya ofisi yoyote kupewa jina hilo.

Kleist Sykes, aliyepigana upande wa Wajerumani akiwa kijana, ni mfano mzuri. Baba yake, Sykes Mbuwane, aliletwa kutoka Msumbiji kuwa askari wa Wissmann. Kleist aliporudi uraiani alifanya kazi reli, na mwaka 1929 akawa katibu mwanzilishi wa African Association. Chama kilipokea hoja za watu waliokuwa hawana pa kuzipeleka. Wenzake waliopigana upande wa Wajerumani walisubiri malipo kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 1964 ndipo Bunge la Ujerumani Magharibi lilipopitisha fedha kwa askari waliokuwa bado hai. Kinasimuliwa kisa kwamba wazee wengi walifika kwa mlipaji Mwanza bila karatasi yoyote, naye akawapa ufagio mmoja mmoja na kuwatolea amri za gwaride kwa Kijerumani. Mikono ilikumbuka, wakalipwa. Hata kama kisa kimenogeshwa na wasimuliaji, kinaeleza tatizo ambalo mtu wa ustawi angekutana nalo kila siku baadaye: utathibitishaje utumishi wa mtu asiye na cheti?

Waliorudi kutoka Burma, 1945 hadi 1956

Vita vya pili vilichukua zaidi ya Watanganyika 80,000. Askari wa Keya, kama walivyojiita wale wa King's African Rifles, walipigana Ethiopia, Madagaska na Burma. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail iliyotoka Mombasa ilizamishwa karibu na visiwa vya Maldivi, na watu wapatao 1,300 wakazama nayo, wakiwemo mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Mwaka huohuo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw katika masika, kwenye tope na malaria.

Safari hii serikali ya kikoloni iliogopa. Hawa walikuwa wameona dunia, wengi walijifunza kusoma jeshini, na walijua Mzungu hufa kama mtu mwingine. Kutokana na hofu hiyo, katikati ya miaka ya 1940, Tanganyika ikapata mpango wake wa kwanza wa ustawi wa jamii, uliogharamiwa kwa fedha za maendeleo za makoloni. Mpango ulikuwa kujenga vituo mijini, vyenye chai, magazeti na redio, ambamo askari aliyerudi angetuliza moyo.

Kosa lilionekana mapema. Wengi wa walioachishwa jeshi walikuwa wakulima, wakarudi vijijini; vituo vya mijini vikajaa makarani na walimu. Mwenye kikohozi kisichoisha au ndoto za usiku alihitaji mtu wa kukaa naye wodini, na redio ya kituoni haikumfaa kitu. Hata hivyo vituo hivyo vilizaa jambo lisilotarajiwa. Mnazi Mmoja, ukingoni mwa Kariakoo, Mgiriki tajiri wa mkonge George Arnautoglu alitoa fedha za kujenga ukumbi ambao wenyeji wanauita Anatoglo. Ndani ya ukumbi huo, mwaka 1953, Julius Nyerere alichaguliwa rais wa TAA, ile African Association kwa jina jipya, akimshinda Abdulwahid Sykes, mtoto wa Kleist na askari wa Burma kama mdogo wake Ally. Abdulwahid alikuwa ameongoza chama cha makuli wa bandari, na baadaye akawa msimamizi wa soko la Kariakoo. Mwaka 1954 ikazaliwa TANU. Jengo la kuwatuliza askari likasaidia kuzaa chama cha uhuru.

Mwaka 1956, Princess Margaret wa Uingereza alipotembelea Tanganyika, hospitali mpya ilipewa jina lake, na wagonjwa wa Sewa Haji wakahamia huko. Ndiyo Muhimbili ya leo.

Kutoka Colito hadi Lugalo, 1961 hadi 1978

Jeshi tulilorithi lilibaki la Keya kwa sura na kwa mishahara. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito waliasi wakidai malipo bora na maofisa Waafrika. Maduka ya mjini yakavunjwa na damu ikamwagika. Colito ni jina la pigano la mwaka 1941 nchini Ethiopia, ambako Keya walishinda kwa ajili ya Waingereza. Kambi ikapewa jina la Lugalo, mahali Wahehe wa Mkwawa walipolipiga jeshi la Wajerumani mwaka 1891. Tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na Lugalo ndipo ilipo hospitali kuu ya jeshi.

Mgeuko mkubwa kwa habari yetu haukutokea kambini. Mwaka 1973 Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha chuo cha taifa cha ustawi wa jamii, ambacho sasa ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama. Kijana wa Kitanzania akaanza kusomeshwa nyumbani, kwa mazingira ya nyumbani, namna ya kumhoji mgonjwa bila kumvunjia heshima, kuandika historia ya maisha yake na kuusuluhisha ukoo uliomkana. Nchi ikaacha kumtegemea mtaalamu aliyeagizwa au karani mwenye huruma.

Kagera, 1978 hadi 1993

Chuo kilikuwa bado kichanga Idi Amin wa Uganda alipovamia Kagera, mwisho wa Oktoba 1978. Nchi nzima ilihamasishwa. Mgambo, polisi, askari magereza na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) waliungana na jeshi, na idadi ya wapiganaji ikapita 100,000. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979.

Walirudi kwa shangwe, kisha nchi ikaishiwa. Maduka yakawa matupu, na serikali ikawaomba wananchi wafunge mikanda. Askari wa kuajiriwa alibaki na kikosi chake, hospitali yake na baadaye pensheni. Mwanamgambo hakuwa mwajiriwa wa jeshi. Alivua magwanda, akarudisha bunduki na kwenda kulima, au akaja Dar es Salaam kutafuta kibarua. Kariakoo ilihitaji walinzi wa usiku, na mtu aliyezoea lindo hakuhitaji kufundishwa. Akivunjika mguu akiwa mzee, hospitali humwandika kama mlinzi au hana kazi. Uganda haimo kwenye faili.

Mwaka 1981 kilianzishwa Moshi, katika hospitali ya KCMC, chuo cha kufundisha mafundi wa viungo bandia, na mwaka 1982 Bunge likatunga sheria mbili, ya ajira na ya matunzo ya watu wenye ulemavu. Mtu wa ustawi akapata cha kushika: sheria ya kumwonyesha mwajiri, na mahali pa kumpeleka aliyekatwa mguu.

Mwaka 1993, meza yageuka mlango

Hadi hapo matibabu ya serikali yalikuwa bure. Mwaka 1993 hospitali za umma zikaanza uchangiaji wa gharama, na wasio na uwezo wakaahidiwa msamaha. Lakini nani hana uwezo? Hospitali zikamwachia ofisa ustawi swali hilo. Mtu aliyesomea kusikiliza akawa pia mtu wa kuamua nani alipe, na tangu hapo hajapumzika. Wahasibu wanataka mapato, muuguzi anataka kitanda, mgonjwa anataka dawa, na kila mmoja anamtazama yeye.

Kwa askari mstaafu mlango huo ni mgumu kwa namna yake. Msamaha huanza kwa mtu kusema kwa kinywa chake kwamba hana. Barua ya serikali ya mtaa inatakiwa, maana yake mwenyekiti, mjumbe na pengine jirani nao wajue. Mwanajeshi amefundishwa tangu ukuruta kutolalamika. Wengine huamua kuondoka na jeraha bichi kuliko kuiomba barua hiyo. Ofisa anayejua kazi haanzi na umaskini. Husema, "Shikamoo mzee, ulitumikia kikosi gani?" na kumwacha mzee aeleze kwa namba na cheo chake. Katika maelezo hayo hupatikana majina ya wenzake walio hai, mkoa wa kwao, mtoto aliyekosana naye mwaka gani. Kupitia wenzake hupatikana simu, na simu huleta ndugu. Nimeisikia kazi hii ikielezwa kana kwamba ni ya kujaza fomu. Ni kazi ya upelelezi inayofanywa kwa adabu, na ndiyo iliyokosekana kambini mwaka 1917.

Pale ndugu wanapokosekana kabisa, yapo makazi ya wazee ya Nunge, Kigamboni. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliwapa wenye miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo haki ya kutibiwa bure, na madirisha ya wazee yakafunguliwa hospitalini. Wastaafu nao wana umoja wao, MUWAWATA. Kwa mwenye pensheni shida hubaki nyingine: kima cha chini kilipopandishwa mwaka 2015 kilifika takriban shilingi laki moja kwa mwezi, na kila uhakiki wa wastaafu unapoitishwa, aliyelala wodini huhitaji mtu wa kumsemea kwamba angali hai.

Walinda amani

Kizazi kipya cha majeruhi hakikutoka kwenye vita vyetu. Wanajeshi wa Tanzania wamelinda amani Lebanoni, Darfur na Kongo. Julai 2013 saba waliuawa Darfur. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi yao ya Semuliki, mashariki mwa Kongo, ilishambuliwa kwa saa nyingi. Watanzania 14 waliripotiwa kuuawa siku zile, na wengi wakajeruhiwa. Hawa wana vyeti, wana hospitali yao ya Lugalo, na majina yao yalisomwa mbele ya taifa. Tofauti yao na mpagazi wa Narung'ombe ni kubwa, na ni ya kushukuriwa.

Wanachokileta wengine wao wodini mara nyingi hakionekani kwenye picha ya eksirei: kukosa usingizi, hasira za ghafla nyumbani, pombe. Familia huchelewa kuleta mgonjwa wa namna hiyo kwa sababu kwanza hudhani amerogwa au amebadilika tabia. Hapo ofisa ustawi humhitaji mke wa askari kuliko anavyomhitaji askari mwenyewe, kwa kuwa mke ndiye anayejua usiku ukoje.

Kijana aliyekuwa na miaka 18 Kagera ilipovamiwa alitimiza 65 mwaka 2025. Miaka kumi ijayo ndiyo ambayo wapiganaji wa 1978 watazijaza hospitali zetu, wenye pensheni na wasio nayo, na wengi watapokelewa katika hospitali za kiraia, Amana, Temeke, Mwananyamala na Muhimbili, mbali na macho ya jeshi. Ningependa kila faili la mgonjwa mzee katika hospitali hizo liwe na swali moja la nyongeza, baada ya jina na makazi: uliwahi kutumikia jeshi, mgambo au JKT, na wapi? Mstari mmoja wa wino utatosha. Ofisa ustawi atakayelisoma jibu hilo atajua amwulize nini, na ampigie nani.